Prosesa ya efekti ya mtumba kwa shoo za karaoke: namna ya kuichagua na kuijaribu kabla ya kulipa

Karaoke inaimbwa na watu ambao si waimbaji. Mwenye maiki ni mhasibu aliyetoka kazini, ni dada anayesherehekea siku yake ya kuzaliwa na mashoga zake, ni mzee aliyekuja kula nyama choma akasikia wimbo wa ujana wake ukitajwa. Sauti haina mazoezi, mkono unatetemeka, na baada ya dakika nne anampisha mwingine mwenye sauti tofauti kabisa. Kazi ya efekti ni kumbeba mtu huyo asikike vizuri kuliko alivyotarajia, arudi mezani akipigiwa makofi, na wiki ijayo aje tena na wenzake. Ndiyo maana naiweka prosesa ya efekti, yaani mashine inayoongeza mwangwi na eko kwenye sauti ya maiki, mbele ya taa za rangi, na mbele ya spika za ziada ambazo wengi hukimbilia kununua.

Studio nyingi duniani zilihamia kwenye kompyuta, na mashine za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa zinauzwa mtumba: Lexicon MPX 100, Alesis MidiVerb 4, Yamaha SPX za aina mbalimbali, TC Electronic M-One na M350, Behringer Virtualizer. Nyingi kati ya hizo zinatoa mwangwi mzuri kuliko eko ya miksa za bei rahisi za karaoke, ambazo mara nyingi hutegemea chipu moja ndogo iitwayo PT2399. Chipu hiyo ukiirefusha eko yake, mivumo na mikwaruzo inapanda pamoja nayo.

Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuzaji atakutajia idadi ya efekti: mia moja, mia mbili, mia mbili na hamsini. Usiifuate hesabu hiyo. Usiku mzima wa karaoke utatumia tatu, pengine nne. Mambo mawili yanayoamua kama mashine itakufaa ni umeme wake, na kama unaweza kuigeuza haraka mwimbaji mmoja anaposhuka na mwingine anapopanda.

Tazama kwanza miksa yako

Prosesa haifanyi kazi peke yake. Inahitaji miksa yenye njia ya kutolea sauti kuipeleka nje, palipoandikwa AUX SEND au FX SEND, na njia ya kuirudisha, iwe RETURN au chaneli mbili zisizotumika. Njia hiyo ya kutolea iwe inafuata fada ya maiki, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti yake: ukishusha maiki, eko nayo ishuke. Miksa nyingine zina AUX isiyofuata fada, iliyowekwa kwa ajili ya monita, ile spika inayomwelekea mwimbaji. Ukiitumia hiyo, utafunga maiki na mwangwi utaendelea kusikika ukumbini, watu wanabaki kutazamana. Kama unachotumia ni amplifaya yenye matundu mawili ya maiki na eko ndani yake, nunua miksa kwanza, prosesa baadaye.

Pia inawezekana huihitaji kabisa. Miksa kama Yamaha MG10XU ina efekti 24 za SPX ndani yake, na kwa baa ndogo zinatosha. Hapo fedha yako ingefanya kazi zaidi kwenye maiki nzuri. Ukiamua hivyo, kuwa macho na Shure SM58 za bandia, maana zimejaa sokoni. Prosesa ya nje inastahili pale miksa yako haina efekti, au zilizomo ni mbaya, au unataka mwangwi na eko vifanye kazi kwa pamoja, kila kimoja na kiasi chake.

Jua unanunua aina gani

Kwa macho, mashine zote hizi ni boksi jeusi la raki lenye taa mbele. Ndani zinatofautiana sana. Unayoitafuta wewe ni ya riverbu (mwangwi) na dilei (eko).

Kuna zile za kuzuia maiki kupiga mluzi, mfano Behringer Feedback Destroyer. Ni kifaa kizuri, ila hakitoi eko hata kidogo, na muuzaji asiyejua atakuuzia kama «prosesa ya maiki». Kuna kompresa, ambayo inabana sauti ya anayepiga kelele ili ikaribiane na ya anayenong'ona. Inasaidia kweli kwenye karaoke, lakini ukiipandisha sana maiki huanza kulia.

Halafu kuna prosesa za waimbaji zinazosahihisha noti na kuongeza sauti za kuitikia. Hizi zinavutia dukani, na kwenye karaoke zinasumbua. Kifaa cha kusahihisha noti humvuta mwimbaji kwenye noti iliyo karibu naye. Mtu ambaye hajazoea kuimba anaweza kuwa mbali na noti sahihi kiasi kwamba noti iliyo karibu ni ya makosa, na mashine itamganda hapo hapo. Isitoshe, muziki wa spika unaingia kwenye maiki na kuichanganya mashine isijue imfuate nani. Siishauri kwa ukumbi wa kawaida.

Utakutana pia na mashine za zamani zenye kitufe cha kuondoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo. Kinafanya kazi kwa kutoa upande mmoja wa sterio kutoka kwa mwingine, hivyo kila kilicho katikati hufutika: mwimbaji, na mara nyingi besi na kiki ya ngoma pia. Ni kweli si kila wimbo wa Kiswahili una toleo la karaoke, lakini siku hizi programu za kompyuta zinatenganisha sauti vizuri zaidi kuliko kitufe hicho. Usilipe nyongeza kwa ajili yake.

Umeme: hapa ndipo mashine nyingi hufa siku ya kwanza

Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kabla hujauliza bei. Mitumba hii inatoka kila pembe. Iliyotoka Japani inataka volti 100. Iliyotoka Marekani inataka volti 120. Ukutani kwetu kuna 230 au 240. Ukiichomeka ya Japani moja kwa moja, unaweza kusikia mlio mdogo, ukanusa harufu, na biashara ikaishia hapo.

Kibandiko kikisema 100–240V, shukuru. M-One na M350 ziko hivyo, zinajipanga zenyewe na umeme wowote. Kikisema 100V au 120V tu, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Isikutishe, kwa kuwa prosesa hizi hula wati chache. Transfoma ndogo ya VA 100 inatosha kabisa. Ila iwe ya kuaminika, na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni ya mashine hiyo tu. Msaidizi wako akibadilisha plagi usiku wakati mnafungasha kwa haraka, kesho yake mashine haipo.

Kundi la tatu ndilo lenye mtego mkubwa zaidi: mashine zinazotumia adapta ya nje ya volti 9 AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo. Lexicon MPX 100 iko hapa, Alesis MidiVerb 4 na NanoVerb pia. Adapta karibu zote zinazouzwa mitaani ni za DC, umeme wa mwelekeo mmoja, na plagi yake inaingia bila shida. Mashine nyingi za aina hii huugawa ule umeme wa AC ndani yake kupata upande chanya na upande hasi. Ukiipa DC inapata upande mmoja tu: ama haiwaki kabisa, ama taa zinawaka na sauti inatoka imekwaruzika. Muuzaji atakwambia imeharibika kidogo, fundi ataitengeneza. Wakati mwingine ni nzima na imekosa adapta yake tu.

Tofauti ni rahisi kuiona. Kwenye adapta, upande wa OUTPUT, AC huandikwa kwa alama ya wimbi, na DC kwa mstari mmoja ulionyooka wenye vistari vilivyokatika chini yake. Angalia na miliampia: ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye mashine au zaidi, kamwe zisipungue. Zikizidi hakuna madhara, mashine huchukua inachohitaji. Adapta ya volti 9 AC ukiikosa madukani, waone mafundi wanaosuka mota na transfoma. Kwao ni kazi ndogo. Wape kipimo cha volti na miliampia, na waambie usiongezwe mzunguko wa kugeuza kuwa DC.

Kwa shoo za jenereta, weka stabilaiza katikati. Jenereta ndogo hupanda na kushuka kila friji ya baa inapowaka.

Nobu mbele, si menyu ndani

Fikiria hali halisi. Binti amemaliza wimbo wa taratibu uliotaka mwangwi mrefu. Anapanda kijana na wimbo wa kasi, na katikati MC anataka kutangaza bahati nasibu. Una sekunde chache. Mashine yenye nobu za kuzungusha mbele, moja ya kiasi cha riverbu, moja ya dilei, moja ya kuchagua programu (mpangilio wa efekti uliohifadhiwa), utaigeuza gizani bila kuitazama. M350 ni nzuri sana kwa hili kwa sababu ina injini mbili, ya riverbu na ya dilei na efekti nyingine, na nobu zake ziko wazi mbele. MPX 100 nayo ni nyepesi kuizoea.

Linganisha na Yamaha SPX90 ya katikati ya miaka ya 1980. Hiyo ni mashine ninayoiheshimu. Inafanya kazi kwa biti 16 na masafa yake yanaishia karibu kilohezi 12, na kwa mwangwi wa sauti ya mtu hilo si kasoro. Linaufanya ukae nyuma ya mwimbaji bila «s» na «sh» kuchoma masikio. Lakini kila badiliko linapitia kioo kidogo na vitufe vya juu na chini. Ukiipata kwa bei nzuri inunue, uhifadhi programu zako tatu mapema nyumbani, na usipange kuichezea shoo ikiendelea.

Tafuta pia tundu la pedali nyuma. Mashine nyingi zinakubali pedali ya kuzima efekti kwa mguu, na kwa mtu anayeendesha kompyuta, orodha ya waimbaji na miksa kwa wakati mmoja, hiyo ni kama kupata mkono wa tatu. MC akianza kuongea, unakanyaga. Maneno yenye eko hayaeleweki, na mteja ambaye hakusikia jina lake likiitwa anakasirika kwa haki.

Kuijaribu dukani

Nenda na vitu vyako: maiki unayoijua, waya mbili za jeki, hedifoni, na miksa ndogo ikiwezekana. Ukitegemea vifaa vya muuzaji hutajua kelele inatoka wapi. Nenda mchana siku ya katikati ya wiki, wakati duka halina msongamano, kwa sababu utahitaji muda.

Anza na macho. Skrubu zilizochunika maana yake imefunguliwa, pengine na mtu asiye na bisibisi sahihi. Iinamishe taratibu usikilize kama kuna kitu kinatembea ndani. Nusa matundu ya hewa. Ukinusa uchafu wa mende, iache au omba ifunguliwe mbele yako. Mende hupenda joto la mashine, na kinyesi chao hula njia za shaba kwenye bodi. Kwa mashine iliyokaa Zanzibar, Tanga, Mombasa au mji wowote wa pwani, angalia kutu kwenye skrubu na ukijani kwenye matundu ya jeki. Chumvi ikishaonekana nje, ndani imetangulia. Ikifunguliwa, tazama kapasita: vichwa vyake viwe bapa. Zilizovimba au kuvuja zinabadilishika kwa gharama ndogo, lakini ziingize kwenye mazungumzo ya bei.

Iwashe, halafu usiiguse. Ongea na muuzaji, kunywa soda, muda wa nusu saa upite. Hitilafu nyingi za mashine za umri huu hujitokeza zikishapata joto: kioo kinafifia, sauti inakatika, upande mmoja unapotea. Mashine ambayo muuzaji anataka kuizima haraka ina sababu yake.

Baada ya hapo vaa hedifoni, maiki ikiwa imezimwa, pandisha sauti ya kutoka ya mashine. Mvumo laini ni kawaida. Mngurumo mzito wa chini unaashiria tatizo la umeme au kapasita zilizochoka. Mlio mwembamba unaobadilika kila unapobadilisha programu, sipendi kabisa.

Sasa washa maiki, weka riverbu ndefu, sema «ta!» kwa nguvu unyamaze. Sikiliza mkia wa sauti unavyokufa. Uishe laini hadi kimya. Ukiisha kwa mikwaruzo, au ukikatika ghafla kabla ya muda wake, jaribu kupandisha kiwango cha kuingia na urudie, kwa maana sauti ikiingia kwa unyonge hata mashine nzima itakwaruza. Ikiendelea, achana nayo. Rudia zoezi hilo upande wa kushoto na wa kulia. Ukiimba, imba wimbo wa chini na wa juu. Ukiona aibu mpe muuzaji maiki aimbe yeye.

Tikisa kila jeki ikiwa ndani ya tundu lake. Zungusha kila nobu polepole mwanzo hadi mwisho. Mchakacho wa vumbi unaondoka kwa dawa ya kusafishia, lakini nobu ya kuchagua programu ikiruka namba au ikirudi nyuma wakati unaisogeza mbele, imechakaa na inahitaji kubadilishwa. Bonyeza kitufe cha kuzima efekti mara kadhaa usikilize kama kinapiga «pa» kwenye spika.

Mwisho, hifadhi programu moja kwa mipangilio yako, zima mashine, chomoa kabisa, subiri kidogo, washa tena. Programu ikiwa imepotea, betri ya ndani imekwisha. Kwenye SPX90 na nyingine za umri wake betri hiyo imechomelewa kwa risasi kwenye bodi. Fundi yeyote wa redio ataibadilisha, kwa hiyo isikufukuze. Ikupunguzie bei tu.

Bei na karatasi

Bei ya mtumba haina kiwango kimoja. Kipimo changu ni hiki: chukua bei ya miksa mpya ndogo yenye efekti nzuri ndani. Kama prosesa, ukijumlisha adapta au transfoma na matengenezo yanayohitajika, inaikaribia bei hiyo, acha. Dai risiti yenye namba ya mashine iliyoandikwa, hata ukinunua kwa mtu binafsi mwandikishiane mbele ya shahidi. Vifaa vya muziki huibiwa makanisani na kwenye kumbi, na mwenye mali huzunguka maduka hayo hayo akitafuta. Omba pia siku chache za kuijaribu kazini; muuzaji mwenye jina lake mjini hukubali.

Kuiunganisha ikusaidie kweli

Toa waya kutoka AUX SEND ya miksa uingie kwenye INPUT ya prosesa. Kutoka OUTPUT zake mbili rudi kwenye chaneli za miksa. Kwenye chaneli hizo za kurudishia, AUX ile ile iwe sifuri kabisa, la sivyo sauti itajizungusha na kupiga yowe.

Nyuma ya mashine nyingi kuna swichi ya +4 na −10. Ni viwango viwili vya nguvu ya sauti, na tofauti yake ni karibu desibeli 12. Miksa za jukwaa huwa karibu na +4. Zisipolingana, ama efekti itakuwa dhaifu na yenye mivumo, ama itapasuka kila mtu anapopaza sauti.

Kisha nobu ya MIX ipeleke mwisho, asilimia 100 upande wa efekti. Wengi huiacha katikati, na hilo linaharibu sauti bila wao kujua. Sauti kavu, isiyo na efekti, tayari inapita kwenye miksa. Nakala yake ikipitia prosesa inachelewa kidogo, na ikichelewa milisekunde 1 tu, masafa ya hezi 500 na mengine ya juu yake yanafutana, maiki inasikika kama iko ndani ya bomba.

Kwa mipangilio ya kuanzia: riverbu ya aina ya PLATE, mkia wa sekunde 1.5, na PRE-DELAY ya milisekunde 30 ili maneno yatangulie mwangwi uje baadaye. Punguza besi kwenye chaneli za kurudishia. Kwa dilei, gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo: wimbo wa mapigo 90 kwa dakika unakupa milisekunde 667 kwa pigo moja, na nusu yake ni 333. Nusu hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi, ikijirudia mara mbili au tatu kwa sauti ya chini.

Ukumbi wa bati na kuta za saruji una mwangwi wake wa kutosha. Humo shusha riverbu karibu na sifuri, tumia dilei fupi ya milisekunde 100 hivi. Kwenye bustani ya wazi fanya kinyume. Na mwachie mwimbaji eko kidogo kwenye monita yake. Inaongeza hatari ya mluzi, lakini mtu asiyezoea akijisikia mzuri anaacha kupiga kelele, na maiki yenyewe inakuwa rahisi kuiendesha.

Hifadhi programu tatu, ya taratibu, ya kasi, na ya kuongea isiyo na kitu, zikiwa namba zinazofuatana ili usizitafute. Adapta ya pili ya aina ile ile ikae kwenye begi la waya muda wote.